Choma, Sanje au Materuni? Soma kwanza kabla hamjapiga kura kwenye grupu

Mwezi wa sita ukiingia na mvua zikishakata, swali ni lilelile kila mwaka, tuko watu saba nane wa kazini au wa kwaya, tunataka kwenda haiking ya maporomoko ya maji msituni, asubuhi kwenda jioni kurudi, twende wapi? Alafu mtu anarusha picha tatu kwenye grupu, Choma, Sanje na Materuni, kila mmoja anapigia kura picha iliyomvutia na safari inapangwa hivyohivyo. Mimi ni mtu wa Morogoro, yani Moro, mji kasoro bahari, njia zote tatu nimezipita zaidi ya mara moja, nimeenda na vijana wenye pumzi na nimeenda na watu wa rika la mama yangu, na nimeona kundi zuri kabisa likiharibikiwa siku yake kwa sababu hakuna aliyeuliza mambo mawili, nani kati yetu ana mguu mzito, na saa ngapi lazima tuwe tumerudi.

Kwahiyo nitazipima zote kwa vitu vilevile. Cha kwanza ni kufika, yani usiku wa kuamkia safari unalala wapi, maana siku moja ya mtu wa Moshi sio siku moja ya mtu wa Dar. Alafu mguu, kupanda na hasa kushuka, kwa sababu pumzi ikikata unakaa ukapumzika ila goti likishaanza kuuma kwenye mteremko hakuna wa kukubeba. Alafu msitu na maji yenyewe, wapo wanaotaka kuoga na wapo wanaotaka kukaa kimya wasikie ndege. Mwisho pesa na utaratibu wa kuingia, na nani panamfaa. Bei kwa bei sizitaji, za serikali zinabadilika na mwaka wa fedha na za vijijini zinabadilika na msimu, pigeni simu wiki ileile ya safari.

Choma, milima ya Uluguru

Kufika: kwa anayetoka Dar hii ndiyo ya karibu kuliko zote. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Dar hadi Moro mwezi wa sita 2024 mambo yamebadilika kabisa, unapanda ya asubuhi, kama masaa mawili uko Moro, na ukiwa umekata ya jioni mapema hulipi hoteli. Kata ya kurudi kabla ya kuondoka, siku za wikiendi inajaa. Basi lipo pia, barabara ni kama kilomita 190, ila foleni ya kutoka Dar hadi uvuke Kibaha inaweza kukula masaa ambayo ulitakiwa uwe mlimani. Stesheni ya treni iko nje kidogo ya katikati ya mji kwahiyo weka na nauli ya bajaji kwenye hesabu.

Mguu: hapa watu wanadanganyika, wanaona mlima uko palepale juu ya mji wanadhani ni kamchezo. Njia ni ya wenyeji, inakata kwenye mashamba ya mahindi, maharage na mboga yaliyolimwa kwenye mteremko, sehemu kubwa ya mwanzo haina kivuli, na ukianza saa nne badala ya saa moja jua la Moro linakumaliza kabla hujauona msitu. Utapishana na kina mama wanashuka sokoni na mzigo wa mboga kichwani, wana ndala miguuni na hata chini hawaangalii, na wewe na raba zako umeshika majani. Mpe shikamoo yake, mpishe, na ukimpisha simama upande wa mlima sio upande wa bonde. Kwenda, kukaa kidogo na kurudi panga masaa matano mpaka sita, na kurudi ni mteremko mtupu.

Msitu na maji: maporomoko yenyewe sio makubwa ukilinganisha na Sanje, usiende ukitegemea maajabu ya urefu. Uzuri wake ni kutoka kwenye joto la mashamba na kuingia kwenye ubaridi, unausikia kwenye ngozi kabla ya kuyaona maji, alafu unageuka nyuma unaona mji mzima wa Moro umelala chini. Na kwa mtu wa Dar kuna kitu cha zaidi, milima hii ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, maji unayofungulia bombani kwako yameanzia kwenye vijito kama hivi. Mwezi wa tisa na wa kumi maji yanapungua sana, usije ukashangaa.

Pesa: ndiyo nafuu kuliko zote kwa anayetoka Dar, treni, bajaji, mwongozaji na chakula. Mkiingia ndani ya msitu wa hifadhi kuna ada ya serikali, mwongozaji atawaelekeza namna ya kulipa. Usiende bila mwongozaji hata kama una ramani kwenye simu, njia panda ni nyingi na nyingine zinaishia shambani kwa mtu.

Panamfaa nani: kijana au mtu mzima anayetembea mara kwa mara, mwenye Jumamosi moja tu na bajeti ndogo. Mtoto wa chini ya miaka kumi mimi singempeleka, jua ni kali na njia ni ndefu.

Sanje, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa

Kufika: hapa niwe mkweli, kutoka Dar kwenda na kurudi siku moja haiwezekani, anayekwambia inawezekana hajaenda. Unapita Moro, unapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi ambako mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama, ukifika Mikumi mjini unakata kushoto unafuata bonde la Kilombero kama kilomita 60 mpaka Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Kijiji cha Sanje unakipita njiani, kama kilomita 10 kabla ya hapo. Ukitoka Moro alfajiri na gari binafsi unaweza kurudi usiku, nimefanya hivyo, na yule aliyekuwa anaendesha alikuwa anapambana na usingizi njia nzima, sitarudia. Lala Mang'ula, nyumba za wageni zipo za kila aina, asubuhi unaamka mlima uko mbele ya macho yako.

Mguu: panda shuka kama masaa manne, na ni kupanda kweli, ngazi za mizizi na mawe, joto la bonde na unyevu, shati linalowa jasho nusu saa ya kwanza. Lakini tofauti na Choma unatembea kivulini karibu muda wote na njia inatunzwa, kwahiyo ingawa ni kali haichoshi kichwa. Udzungwa haina barabara ndani, hakuna cha kuteremshwa na gari karibu na maji, kila mtu ni miguu yake. Angalia siafu, ukiona mstari mweusi umekatiza njia usisimame hapo kupiga picha, ruka, ukifika mbele ndiyo uulize kama wenzako wamepita.

Msitu na maji: nitakaa hapa kidogo kwa sababu hakuna pengine pa kufananisha. Maporomoko yana urefu wa kama mita 170, yanashuka kwa ngazi tatu, na ukifika juu yake unaona bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa yamenyooka kama mkeka. Wakati wa kuvuna wanachoma miwa kabla ya kukata, basi majivu mepesi meusi yanapeperuka mpaka mlimani, nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nakula ndizi kipande kama unyoya kikatua kwenye mkono wangu, nikakipuliza kikawa vumbi. Kwenye madimbwi ya chini ya maporomoko watu wanaoga pale wanapoonyeshwa na mwongozaji. Na msitu una wenyewe. Kuna mbega mwekundu wa Udzungwa ambaye hapatikani nje ya milima hii na maeneo jirani, na kuna kima anayeitwa kwa jina la Sanje, wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wanajua sauti yake siku zote. Mbega wanakaa juu sana, usitegemee picha ya karibu, unasikia tawi limepiga kishindo, unainua kichwa, unaona mkia unapotea. Mimi hiyo inanitosha mwezi mzima.

Pesa: hifadhi ilianzishwa 1992 na iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwahiyo kuna kiingilio na kuna malipo ya mwongozaji, na mwongozaji ni lazima, humu tembo na nyati wapo kweli. Hawapokei pesa mkononi, unalipa kwa kadi au kwa kontrolo namba, hakikisha simu ina salio na chaji kabla hujafika getini. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na kiwango ni cha chini sana kuliko cha mgeni, ila beba kitambulisho, bila kitambulisho utabaki unabishana getini na jua linapanda. Gharama kubwa sio kiingilio, ni mafuta au nauli na kulala.

Panamfaa nani: anayependa msitu wenyewe zaidi ya picha, mwenye siku mbili, mwenye magoti mazima. Na kwa mtu wa Ifakara, Kidatu au Mikumi hii ndiyo ya nyumbani, kwenu ndiyo safari ya siku moja haswa. Kwa Mang'ula kuna pia maporomoko madogo ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, njia fupi kabisa, huko ndiko unamwacha mzazi au mwenzenu asiyeweza Sanje, asikae hotelini siku nzima anaangalia dari.

Materuni, Uru, juu ya Moshi

Kufika: ukiwa Moshi ni kama kilomita 15 tu kupanda, daladala zipo na Noah zipo. Ukiwa Arusha ni kilomita kama 80 kufika Moshi, ukitoka alfajiri siku inakutosha vizuri. Ukiwa Dar ni zaidi ya kilomita 550, hiyo ni safari ya kulala, labda uiunganishe na msiba, harusi au kwenda kula Krismasi kwa wakwe, na wengi ndivyo wanavyofanya. Ndugu zetu wa Taveta na Voi nao wakivukia Holili wako karibu na Moshi kuliko mtu wa Moro.

Mguu: ndiyo nyepesi kuliko zote tatu. Saa moja hivi kwenda kwa mwendo wa kuongea, njia pana mwanzoni kati ya vihamba, yani mashamba ya nyumbani, vya migomba na mibuni, mifereji ya zamani ya Wachaga ya kumwagilia inapita pembeni, hewa ya baridi. Mwishoni njia inakuwa nyembamba na inateleza kwa sababu mvuke wa maji haukauki hata kiangazi, hapo ndipo watu wanaanguka, sio kwenye milima. Kurudi kuna vipande vya kupanda, msijisahau mkamaliza nguvu kwenye maji.

Msitu na maji: urefu ni kama mita 80, yanadondoka kwa mfululizo mmoja na upepo wake unakulowesha hata ukikaa mbali. Maji ni ya mlimani, baridi ya kuuma meno, watu wanaingia wakipiga kelele na wanatoka haraka. Msitu sio mnene wala wa porini kama Sanje, hapa ni kijiji na watu na migomba, na siku za msimu wa watalii utakuta makundi mengi, mtapanga foleni ya picha. Asubuhi ikiwa haina mawingu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana juu ya migomba. Kinachopafanya pawe tofauti ni kahawa. Shangazi yangu ana miaka sitini na kitu, magoti yake hayapendi mteremko, tulipoenda alitembea kipande kidogo akasema nyie nendeni mimi nabaki kwa hawa. Tuliporudi tumemkuta kwenye benchi na mchi mkononi, yeye na mama mwenye nyumba wanatwanga buni kwenye kinu kwa zamu huku wanaimba, wametoa ganda, wamepepeta kwenye ungo, wamekaanga kwenye chungu mpaka moshi wake umejaa banda lote, wametwanga tena ndiyo wakachemsha. Akanipa kikombe akasema hiyo nimetwanga mimi. Maporomoko hakuyaona na mpaka leo anasimulia safari ile kuliko sisi tuliofika.

Pesa: unalipa kijijini kiingilio, mwongozaji, na kahawa ni malipo yake, chakula nacho mbali, mara nyingi ndizi, muulize kama mtori upo. Ukienda kwa kampuni ya utalii bei inapanda sana ila unachukuliwa na kurudishwa, ukienda mwenyewe kwa daladala ni rahisi ila uliza mapema gari la mwisho linashuka saa ngapi. Kubalianeni bei yote kabla ya kuanza kutembea, tuliwahi kusahau kuulizia kahawa na tulipomaliza kunywa ndiyo tukaanza kuongea hesabu, haikuwa vizuri kwa upande wowote.

Panamfaa nani: familia, watoto kuanzia miaka sita saba wanaopenda kutembea, wazee wenye nafsi ya kukaa na watu, na mtu anayefanya haiking kwa mara ya kwanza. Anayetafuta ukimya na wanyama atarudi na kinyongo.

Mvua

Hili linahusu zote tatu. Masika ya mwezi wa tatu hadi wa tano maporomoko yanakuwa makubwa na ya kutisha na picha zinakuwa kali kweli, na ndiyo wakati wa hatari. Mwaka mmoja mwishoni mwa mwezi wa nne tulikuwa kwenye kijito kimoja huku Uluguru, hapo tulipo jua linawaka, watu wako ndani ya maji. Mwongozaji wetu, mzee wa Kiluguru asiyeongea sana, akasimama akayaangalia maji. Yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa na vijiti vimeanza kupita. Akasema tokeni, hakupaza sauti, akarudia mara moja tu, tokeni. Tulipofika juu ya ukingo lile jiwe tulilowekea viatu lilikuwa halionekani, mvua ilikuwa imenyesha juu ya mlima tusikokuona. Viatu vya watu watatu vilienda. Kwahiyo maji yakibadilika rangi, au sauti ikiongezeka, au majani na vijiti vikianza kushuka, toka kwanza ndiyo uulize. Na usikae chini kabisa ya maporomoko hata kiangazi, mawe na magogo yanadondoka na maji.

Miezi mizuri ni wa sita mpaka wa kumi, njia kavu. Wa sita na wa saba maji bado ni mengi na hapo ndipo ningeenda mimi.

Vya kubeba sitavirefusha, maji lita mbili kila mtu, raba yenye meno sio ile ya kuvalia jinzi iliyokwisha soli, shati la kubadili kwenye mfuko wa plastiki, tochi hata kama mnarudi mchana, ndizi na karanga, na simu moja ya kundi iliyozimwa kwa ajili ya dharura. Mkubaliane saa ya kugeuka, mimi naweka saa nane mchana, mmefika hamjafika mnageuka, maana jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na ndani ya msitu giza linawahi.

Sasa wewe uende wapi

Uko Dar, una Jumamosi moja, kundi ni la vijana na Jumatatu mnaingia kazini, nendeni Choma kwa treni na muanze kupanda mapema. Uko Dar na una Jumamosi na Jumapili na kundi linaelewana, msibane pesa ya kulala, nendeni Sanje.

Uko Moshi au Arusha na una watoto au wazazi, Materuni, tena siku ya katikati ya wiki kama mnaweza, foleni inapungua. Uko hukohuko Kaskazini ila mzazi hawezi hata saa moja ya kutembea, mpelekeni Kinukamori pale Marangu, hatua chache kutoka kwenye gari, na watamsimulia habari za binti Makinuka wa hadithi za Wachaga.

Ni mwezi wa nne na likizo imeshapangwa, chagueni Materuni na mtazame kwa mbali bila kuingia majini, Choma na Sanje subirini. Unataka wanyama na ukimya, Sanje, hakuna mjadala upande wangu. Unataka kuoga tu na kula nyama choma, basi hata msihangaike na mlima, tafuteni mto wa karibu nanyi wenye sehemu salama.

Na kama kundi limechanganyika, wengine wana pumzi na wengine hawana, kabla ya kupiga kura mpigie simu pembeni yule mnayemhofia, sio kwenye grupu mbele za watu, umuulize mara ya mwisho alipanda ngazi mpaka ghorofa ya ngapi bila kusimama, na goti linamuuma akipanda au akishuka. Akisema akishuka, Choma na Sanje ziondoe kwenye orodha kabla picha hazijarushwa.